Kisanamu kimeshapakwa rangi lakini hakipendezi: njia nne za kukiokoa, na namna ya kuchagua

Umemaliza kupaka kisanamu chako, sanamu ndogo ya michezo ya mezani. Shujaa mwenye upanga, mchawi mwenye fimbo, zimwi au joka, yeyote yule, amesimama mezani na kila sehemu yake ina rangi: joho jekundu, deraya ya fedha, buti za kahawia. Hakuna palipobaki wazi. Lakini ukirudi nyuma hatua mbili unaona bonge la rangi tu. Uso haujitokezi, mikunjo ya joho imepotea, na ule ukali uliokuvutia ulipokinunua kisanamu umezimika.

Kutoka hapo kuna njia nne ambazo wapakaji huzitumia sana: kukimwagia rangi ya kivuli, kukisugua kwa brashi kavu, kukipandisha tabaka kwa tabaka hadi kwenye kingo, au kubandua rangi yote na kuanza upya. Kila moja ina watu wanaoiapia. Kwa uzoefu wangu, ubishi mwingi juu ya njia hizi unatokana na kuzipima kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Kila moja ni dawa ya ugonjwa wake, na mwenye rangi nzito mno akiongeza tabaka anauzidisha ugonjwa, kama vile mwenye kazi safi iliyokosa kivuli akibandua anavyotupa saa zake bure.

Tafuta ugonjwa kwanza

Piga kisanamu picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona joho, uso na deraya vimekuwa kijivu kile kile, tatizo lako ni tofauti ya mwanga na giza. Hili ndilo tatizo la visanamu vingi mno, na lina sababu yake. Mtu mzima akisimama juani, kidevu chake hutupa kivuli shingoni na kila mkunjo wa nguo huwa na giza lake. Kisanamu cha milimita 28 au 32 hakina kina hicho. Mkunjo wa joho huenda usifike hata milimita moja, mwanga wa taa unaingia humo bila shida, na kivuli kinachobaki ni kidogo kuliko jicho linavyoweza kukiona. Kwa hiyo kivuli ambacho maumbile hayakutoa, mpakaji inabidi akichore mwenyewe.

Baada ya picha, shika kisanamu chini ya taa na ukigeuze taratibu ili mwanga ukipige ubavuni. Hapo utaona unene. Kama kuna michirizi ya brashi, vipele kama vya mchanga, au vidole vilivyoungana kwa sababu rangi imejaa katikati yake, ugonjwa ni rangi nzito au praima (rangi ya msingi inayotangulia zote) iliyopulizwa vibaya.

Ugonjwa wa tatu ni mipaka: ngozi imepanda kwenye kola, fedha imegusa mkanda. Huu hauhitaji njia yoyote kati ya hizi nne. Chukua brashi yenye ncha nzuri, rudishia rangi ya awali palipochafuka, na utashangaa kazi imepanda kiasi gani kwa dakika 20 tu.

Nitakavyozipima

Kwa kila njia nitaangalia mambo yale yale: inatibu nini na inapenda uso wa namna gani, inachukua muda gani kwa kisanamu kimoja, inataka mkono wa aina gani, ukikosea unarudi vipi, na inamfaa nani. Muda ninaoutaja ni wa mtu mwenye uzoefu wa kawaida. Anayeanza aongeze. Ninazungumzia pia rangi za akriliki zinazochanganywa na maji, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa na wengi. Zikikauka hazirudi kuwa maji tena, na hilo ndilo linalotuwezesha kuongeza kitu juu ya kazi iliyokwisha.

Rangi ya kivuli

Hii ni rangi nyembamba sana, yenye chembe chache za rangi ndani ya maji mengi. Ukiipitisha juu ya kisanamu inateremka yenyewe na kutulia mabondeni: kwenye mikunjo, kati ya vidole, chini ya mkanda, katikati ya magamba. Za dukani zinazojulikana sana ni za chapa ya Citadel, kama Nuln Oil iliyo nyeusi na Agrax Earthshade ya kahawia, lakini watengenezaji wengine nao wanazo.

Inatibu kukosa giza. Inapenda uso wenye mabonde mengi: manyoya, minyororo ya deraya, magamba, nywele, mikono yenye mishipa. Haipendi uso mpana ulio laini, kama ngao au bawa la joka, kwa sababu hapo haina bonde la kukimbilia, na matokeo yake ni madoa. Doa lenye duara la giza pembeni linatokea kwa kuwa maji hukauka haraka zaidi ukingoni mwa tone na kuvuta chembe za rangi kwenda huko. Ukijua hivyo, dawa inajileta yenyewe: usiache tone kubwa likauke pale lilipo. Futa brashi, ikaushe kidogo kwa tishu, kisha gusa tone hilo nalo litanyonywa.

Muda ni mfupi. Kazi yenyewe ni dakika 10 hadi 15, halafu unakiacha kisanamu nusu saa au zaidi bila kukigusa. Wengi wanashindwa hapo. Kivuli kilichokauka nusu kikiguswa na brashi kinachanika na kuacha ngozi mbaya ambayo haifichiki.

Mkono unaotakiwa ni wa subira kuliko wa ustadi. Chagua rangi kwa busara: kahawia kwa ngozi, dhahabu na vitu vya ngozi ya mnyama, nyeusi kwa chuma, na kwa joho jekundu kahawia yenye wekundu ni bora kuliko nyeusi inayolifanya lionekane limechafuka. Usimwagie kisanamu kizima rangi moja kwa sababu tu ni rahisi. Kivuli kinagusa matuta pia na kuzima rangi zote, kwa hiyo baada yake rudishia rangi ya awali juu ya matuta. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotenganisha kazi iliyookolewa na kazi iliyotiwa tope.

Ukikosea, kama bado ni mbichi unafuta kwa brashi yenye unyevu. Kikikauka unapaka juu. Kuna hila moja ninayoipenda: kabla ya kivuli pitisha vanishi ya kung'aa. Kivuli kitateleza hadi mabondeni bila kung'ang'ania matuta, na kazi ya chini itabaki salama. Mwishoni vanishi isiyong'aa inauondoa mng'ao.

Usichanganye kivuli na rangi za mtindo wa Contrast, ambazo Citadel walianza kuzitoa mwaka 2019. Hizo zimeundwa kwa ajili ya praima nyeupe au iliyopauka, zikiwa rangi ya kwanza na kivuli kwa pamoja. Juu ya kazi iliyokwisha zinabadilisha rangi ya uso mzima na kuuongezea giza, jambo ambalo mara nyingi silo unalolitafuta.

Inamfaa mwenye visanamu vingi vya kuchezea, mwenye muda mdogo, na yeyote ambaye kazi yake ni safi lakini imekuwa bapa.

Brashi kavu

Hapa kazi inageuka: badala ya kutia giza mabondeni, unatia mwanga kwenye matuta. Unachukua rangi iliyopauka kidogo kuliko ile ya chini, unachovya brashi ya duara yenye nywele laini, unaifuta hadi ionekane haina kitu, kisha unaipitisha haraka haraka juu ya uso. Chembe chache zilizobaki zinakamatwa na kila kilichoinuka.

Inatibu kukosa mwanga, na inapenda uso uliokwaruzika: manyoya, mawe, magome, minyororo ya chuma, nywele, udongo wa kitako, yaani kibao ambacho kisanamu kinasimama juu yake. Kwa nguo laini na nyuso za watu ni hatari, kwani huacha vumbi vumbi kama chokaa. Vumbi hilo husababishwa na rangi nyingi mno kwenye brashi, rangi iliyopauka ghafla kuliko ya chini, au brashi iliyokaushwa kupita kiasi. Jaribu kuigusisha sponji yenye unyevu kidogo kabla ya kuichovya; rangi inatandazika kwa ulaini zaidi.

Ni ya haraka kuliko zote. Dakika 10, na inakauka papo hapo. Mkono hautakiwi kutulia, unatakiwa kuwa mwepesi. Ukikosea, kivuli chembamba juu yake kinaizima vizuri, na ndiyo sababu njia hizi mbili huenda pamoja kama mtu na kivuli chake: brashi kavu inainua, kivuli kinashusha. Tatizo lake kubwa ni kwamba haichagui. Itapaka mkanda na joho kwa pamoja, kwa hiyo juu ya kisanamu kilichokwisha ni lazima uwe tayari kusafisha mipaka baadaye.

Inamfaa mwenye wanyama, mazimwi na watu wa barafuni waliovaa manyoya. Mwenye shujaa wa deraya laini za mabamba ya chuma aende nayo polepole.

Tabaka kwa tabaka, hadi kwenye kingo

Hii ndiyo njia inayobadilisha kisanamu zaidi kuliko zote ukiacha kuanza upya, na ndiyo inayowatisha wengi. Wazo lake halina uchawi. Juu ya rangi ya awali unaongeza rangi iliyopauka kidogo, ukiacha giza bondeni. Halafu iliyopauka zaidi, sehemu ndogo zaidi. Mwishoni unachora mstari mwembamba kwenye ukingo wa deraya, pindo la joho, mfupa wa shavu.

Inatibu tofauti ya mwanga na giza kwa pande zote mbili, na hakuna uso inaoukataa. Kwenye nguo pana na laini, pale ambapo kivuli kinaacha madoa na brashi kavu inaacha chokaa, hii ndiyo inayobaki.

Rangi iwe nyepesi, karibu na uzito wa maziwa. Ikipitishwa mara moja isifunike kila kitu. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) yenye unyevu itakusaidia sana, nayo unaitengeneza mwenyewe kwa kulaza sponji bapa iliyoloweshwa ndani ya kisanduku na kuifunika kwa karatasi ya kuokea. Rangi inakaa saa nyingi bila kukauka, na unapata muda wa kuchanganya vizuri.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kutia nyeupe katika kila kitu. Nyekundu ikitiwa nyeupe inakuwa waridi, na joho la mfalme linageuka kitu kingine. Nyekundu ipandishe kwa rangi ya chungwa au rangi ya ngozi. Kijani kipandishe kwa njano. Bluu inavumilia nyeupe vizuri zaidi, ila ukitumia kijivu chenye ubluu inatulia. Na upande wa giza usikimbilie nyeusi: nyekundu ikitiwa tone la kijani cheusi inashuka na kubaki na uhai wake, na ngozi ikitiwa kahawia yenye wekundu inaonekana ina damu ndani.

Kuhusu kingo, tumia ubavu wa brashi badala ya ncha. Ukingo ukiwa umeinuka, ukiuburuzia brashi ikiwa imelala, ukingo wenyewe unachukua rangi na mstari unatoka umenyooka. Ncha ihifadhi kwa mahali pasipo na ukingo wa kuufuata, na kwa nukta ya mwisho ya mwanga kwenye kona kali, juu ya ncha ya upanga na ncha ya pua.

Kati ya tabaka na tabaka utaona ngazi, mistari ambapo rangi moja inaishia na nyingine kuanza. Usiogope. Kwa mbali jicho huziunganisha. Ukitaka zilainike, changanya rangi ya katikati na maji mengi hadi iwe kama ukungu, kausha brashi kwenye tishu, kisha ivute juu ya mpaka kuelekea upande unaotaka rangi izidi, maana rangi hujikusanya pale brashi inapoinuliwa. Rudia mara tatu au nne, kila mara ukisubiri ikauke.

Muda ni mrefu. Mtu mmoja mwenye joho na deraya atakuchukua saa mbili kwa kazi nzuri ya mezani, na ukitaka kumweka kabatini au kumpeleka mashindanoni hesabu siku. Mkono unatakiwa kutulia, lakini mkono hutulizwa: shika kisanamu juu ya kizibo au kishikio, gusanisha viganja viwili, viwiko vikae mezani. Brashi moja ya namba 1 au 2 yenye ncha inayojirudi inatosha kwa karibu kila kitu. Brashi ndogo mno inabeba rangi kidogo ambayo inakauka kabla haijafika.

Ukikosea unarudi tabaka moja tu, kwa rangi ya chini yake. Hiyo ndiyo rehema ya njia hii. Madhara yake ni pale ambapo kazi ya awali tayari ni nzito: kila tabaka litafuata vipele na michirizi iliyopo, na kuviangazia.

Inamfaa mwenye kisanamu kimoja anachokipenda, kiongozi wa kikosi, mhusika anayemchezea mwenyewe kila wiki, na anayetaka kujifunza jambo litakalomfuata katika kazi zote zijazo.

Kubandua na kuanza upya

Inatibu unene, na hilo pekee. Kama pua imezama ndani ya rangi, hakuna kivuli kitakachoirudisha.

Kwanza jua kisanamu ni cha nini. Cha madini kinavumilia karibu kila kiyeyusho. Cha plastiki ngumu kinavumilia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, lakini asetoni itakiyeyusha chenyewe pamoja na rangi. Resini (plastiki ya kumiminwa) zinatofautiana, nyingine hulainika, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada na usiloweshe kwa muda mrefu. Vaa glavu, fungua dirisha, kaa mbali na moto kwani alkoholi na asetoni zinashika haraka. Loweka kwa saa kadhaa au usiku mzima ndani ya chombo chenye kifuniko, sugua kwa mswaki wa zamani, chokoa mabonde kwa kijiti cha mbao, osha kwa sabuni, acha kikauke kabisa kabla ya praima. Viungo vilivyogandishwa kwa gundi ya papo kwa papo vinaweza kuachia. Madoa machache yatakayobaki hayadhuru mradi hayana unene.

Muda ni usiku mmoja na nusu saa ya kusugua, halafu kazi nzima ya kupaka tangu mwanzo. Mkono wowote unaweza. Kurudi nyuma hakuna: kilichobanduliwa kimekwenda. Kwa sababu hiyo naomba ukipige picha kwanza. Kisanamu changu cha kwanza nilikibandua miaka kadhaa baadaye nikakipaka vizuri zaidi, na hadi leo naona nilipoteza kitu ambacho kazi ile nzuri haikukirudisha.

Inamfaa aliyenunua kisanamu kilichopakwa na mtu mwingine, ambaye praima yake ilikauka kama mchanga, au ambaye rangi imefunika sura.

Ukiwa bado unasitasita

Kama una kikosi kizima cha kuingia mchezoni mwishoni mwa wiki, chukua kivuli, rudishia matuta kwa rangi ya awali, kisha brashi kavu kwenye manyoya na vitako tu. Paka pindo la kila kitako rangi moja safi. Kikosi kitaonekana ni kimoja hata kama nyuso hazikuguswa.

Kama ni mhusika mmoja na kazi yake ni safi, tia kivuli usoni na mikononi pekee, halafu tumia saa zako zote za tabaka kwenye uso na joho. Jicho la mtazamaji huanzia usoni. Buti zinaweza kusubiri.

Kama ni joka lenye mabawa mapana, gawanya: kivuli na brashi kavu kwenye magamba ya mwili, tabaka kwenye utando wa mabawa.

Kama rangi ni nzito kiasi lakini sura bado inasomeka, usibandue. Pitisha vanishi isiyong'aa, tia kivuli chembamba, kisha angaza kingo chache zilizo juu kabisa. Hakitakuwa cha mashindano, lakini kitasimama mezani bila kukuumiza macho.

Kama sura haisomeki, bandua, isipokuwa kiwe cha kwanza ulichowahi kupaka, au ulichopakiwa na mtoto wako. Hicho kipige vanishi ukiweke rafuni, utafute kingine cha namna hiyo hiyo, na hicho kipya ndicho ukipandishe tabaka.